Anza na daftari kabla ya jikoni: kupima hatari ya saratani ya utumbo mpana, damu ya ukoo na sahani kwa pamoja

Mimi ni fundi cherehani. Kabla ya kukata napima, maana anayekata kwa kukisia huishia kulipa kitambaa cha watu. Nataja hili mapema kwa sababu kila anayeniuliza habari za saratani ya utumbo mpana huja na mkasi mkononi: "Niache nini? Nyama? Sukari? Mayai?" Namwambia aweke mkasi chini kwanza. Umezaliwa na nani, waliokutangulia waliugua nini, na waliugua wakiwa na umri gani? Bila majibu hayo, hutajua sahani yako ina uwezo wa kukusaidia kiasi gani.

Kwetu tulijifunza kwa njia mbaya. Kaka yangu alianza kuona damu akienda haja akiwa na miaka 42. Zahanati moja ikamwambia ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka, naye akapaka miezi saba. Alipokuja kufanyiwa kolonoskopi, yaani kuingiziwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, uvimbe ulikuwa umeziba karibu nusu ya njia. Alipasuliwa, akapewa dawa, na leo yuko hai ananitania. Lakini daktari wa upasuaji alituuliza swali moja: "Nani mwingine kwenu?" Tukatazamana. Mama alifariki akiwa na miaka 49 kwa kile tulichokiita ugonjwa wa wanawake. Babu mzaa mama alikufa kwa "tumbo". Tulikuwa nayo habari yote miaka yote hiyo, ila hakuna aliyewahi kuiweka kwenye ukurasa mmoja.

Basi nunua daftari. Chora ngazi tatu: wewe na ndugu zako wa tumbo moja, wazazi na ndugu zao, babu na bibi wa pande zote mbili. Wengi husahau upande wa baba kwa kudhani ugonjwa hupita kwa mama kwenda kwa binti tu. Jeni hazijui hilo. Mbele ya kila jina andika kiungo kilichoanza kuugua, umri wa siku ya kugunduliwa (umri wa kufa ni jambo jingine, na tofauti inaweza kuwa miaka kumi), na habari umeipata kwa nani. Walio hai na wazima nao waandike, kwa sababu ukoo wenye wazee wengi wa miaka 80 wasiougua ni habari njema na daktari atataka kuiona.

Kazi ngumu iko kwenye maneno. Wazee wetu hawakusema saratani. Walisema tumbo, walisema uvimbe, walisema "alikatwa kizazi", walisema "alikuwa anaishiwa damu". Nilimpigia simu mama mkubwa jioni tatu mfululizo. Siku ya kwanza alisema babu alirogwa. Siku ya pili alisema, "Mwanangu, mbona unafukua makaburi?" Siku ya tatu, bila kuulizwa: "Babu yako choo kilikuwa cheusi kama lami. Na alikuwa hajafika hamsini, maana mimi nilikuwa sijaolewa." Sentensi hiyo moja ilitufaa kuliko cheti cha kifo, ambacho kiliandika tu "ugonjwa wa ini". Ukikutana na neno ini, usilipite haraka: saratani ya utumbo mpana hupenda kuhamia kwenye ini, na mara nyingi ini ndilo linaloandikwa kwa sababu ndilo lililoua.

Daftari likishajaa, litazame kwa kanuni ambayo madaktari huikumbuka kama 3-2-1. Ndugu watatu wenye saratani ya utumbo mpana au zile zinazokwenda nayo, kama ya mji wa mimba, utumbo mwembamba na njia za mkojo, na mmoja wao awe mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa wale wawili. Vizazi viwili vinavyofuatana. Mmoja aliyegunduliwa kabla ya miaka 50. Sisi tulitimiza yote matatu tukiwa bado ukurasa wa kwanza. Kanuni hii haikamati kila ukoo, kwa hiyo hata usipoitimiza, mpelekee daktari daftari ukiona mtu mmoja mwenye saratani mbili tofauti, au mtu aliyekutwa na vinyama vingi kwenye utumbo, vile wanavyoviita polipu.

Na kama unaye mgonjwa mmoja tu? Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja aliyeugua hukuongezea hatari karibu mara mbili. Miongozo mingi husema uanze kuchunguzwa ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliogunduliwa mwenzako, ukianza na tarehe inayotangulia. Ndugu akigunduliwa na miaka 42, wewe unaanza na 32. Chukua kalamu, toa kumi. Asiye na mgonjwa yeyote kwenye ukoo naye ana zamu yake: Marekani, kwa mfano, mwaka 2021 ilishusha umri wa kuanza kutoka miaka 50 hadi 45, kwa sababu saratani hii imezidi kuonekana kwa vijana.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, kwa kuwa kisa chenyewe kinamhusu fundi mwenzangu. Mwaka 1895 huko Ann Arbor, Marekani, daktari Aldred Warthin alimkuta fundi wake wa nguo amejiinamia. Mama yule akamwambia kuwa atakufa akiwa kijana kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya kizazi, kwa sababu ndivyo wanavyokufa kwao wote. Ndivyo ilivyokuwa, saratani ya mji wa mimba ilimuua. Warthin alifuatilia ukoo ule na kuchapisha habari zake mwaka 1913. Miaka ya 1960 daktari mwingine, Henry Lynch, alionyesha kwamba hali hiyo inarithiwa, na leo inaitwa sindromu ya Lynch. Baadaye kabisa kosa la ukoo ule lilipatikana kwenye jeni iitwayo MSH2. Ni jeni ileile iliyokutwa na kosa kwa kaka yangu. Fundi yule hakuwa na maabara. Alikuwa na kumbukumbu ya ukoo wake.

Sasa jeni na chakula vinakutana wapi? Nitaeleza kwa lugha ya cherehani. Ngozi ya ndani ya utumbo mpana hujishona upya kila baada ya siku chache, maisha yote. Kila seli inapogawanyika hunakili maandishi yake ya urithi, na katika kunakili, mishono huruka. Mwili una mafundi wa kukagua: jeni MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 hutengeneza vifaa vinavyofumua mshono uliokosewa na kuushona tena. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye Lynch amezaliwa na nakala moja mbovu. Kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana, kwa sababu nakala ya pili inafanya kazi. Ikiharibika hiyo nayo katika seli moja tu, mishono mibovu inaanza kurundikana bila mkaguzi. Kwa watu wengi polipu huchukua kama miaka kumi kugeuka saratani. Kwa mwenye Lynch inaweza kuwa miaka miwili au mitatu.

Chakula hakikai kwenye kiti cha mkaguzi. Chakula ni kitambaa kinachopita chini ya sindano. Madini ya chuma yaliyomo kwenye wekundu wa nyama husaidia kutengeneza kemikali zinazokwaruza maandishi ya seli. Chumvi za nitriti zinazowekwa kwenye soseji na bekoni huongeza kemikali za aina hiyo, na nyama ikiungua kwenye moto mkali huongeza nyingine. Upande wa pili ziko nyuzinyuzi: wewe huwezi kuzimeng'enya, ila bakteria wa utumboni wanaweza, na wakizila hutoa asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo na hutuliza uvimbeuvimbe, yaani ukuta kuvimba na kuwaka kwa kukwaruzwa (si uvimbe wa saratani). Nyuzinyuzi chache, butireti chache. Ukuta unabaki na njaa huku ukikwaruzwa.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilichapishwa mwaka 2015. Watafiti walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipewa nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Wenzao wakapewa nyama na mafuta, nyuzinyuzi zikapunguzwa. Ndani ya wiki mbili butireti kwa Wamarekani iliongezeka karibu mara mbili na nusu, na kwa wale wa vijijini ilishuka kama nusu. Dalili za uvimbeuvimbe kwenye ukuta wa utumbo zilibadilika pia, kila kundi likielekea kule lilikotoka jingine. Jeni za hao watu 40 hazikubadilika hata moja. Tusizidishe, wiki mbili hazionyeshi nani atapata saratani. Lakini zinaonyesha jinsi utumbo ulivyo mwepesi kusikia.

Swali linalofuata huwa ni kama jeni zako binafsi zinaamua chakula gani kikudhuru. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwaka 2014 uchunguzi wa watu zaidi ya 18,000 ulikuta sehemu moja ya kromosomu ya 10 (kimojawapo cha vifurushi vinavyobeba jeni), karibu na jeni GATA3, ambapo wenye aina fulani ya maandishi walionekana kuathirika zaidi na nyama iliyosindikwa kuliko wasiokuwa nayo. Zimepatikana sehemu nyingine tangu hapo. Hata hivyo mimi sinunui vifaa vya kupima mate vinavyoahidi "lishe ya jeni zako". Tofauti hizo ndogondogo hazigeuzi ushauri, hakuna aliyekutwa na maandishi yanayosema bekoni ni dawa. Na watafiti wa Ujerumani walipolinganisha watu wenye mzigo mkubwa na mdogo wa maandishi yanayoongeza hatari, mwenendo mwema (chakula, mazoezi, uzito, kuacha sigara na kupunguza pombe) ulishusha hatari kwa makundi yote.

Ila lazima tupime ukubwa wa vitu, vinginevyo utakata vibaya. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi moja na sigara. Watu wakashtuka. Kundi lile hupanga uzito wa ushahidi, halipangi ukubwa wa hatari. Gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18. Asilimia 18 ya nini? Chukua nchi ambako watu kama 4 katika 100 hupata saratani hii maishani: wangekaribia 5. Sasa mlinganishe na mwenye kosa kwenye MSH2 asiyechunguzwa, ambaye hatari yake inakaribia nusu kwa nusu. Vipimo viwili tofauti kabisa, kimoja kwa sentimita na kingine kwa mita. Ndiyo maana mtu wa ukoo kama wetu akisema "mimi nakula mboga, sihitaji kamera", natamani kumvua viatu akae chini tuzungumze.

Kinyume chake nacho ni kosa: "Kama ni damu ya ukoo, basi nile ninachotaka." Katika utafiti mkubwa wa watu wenye Lynch uitwao CAPP2, wenye unene uliokithiri walipata saratani ya utumbo mpana zaidi ya mara mbili ya wenye uzito wa kawaida. Jeni ileile, mwili tofauti. Utafiti huohuo uliwapa baadhi yao gramu 30 kwa siku za wanga sugu, ule usiomeng'enywa, unaopatikana kwa mfano kwenye ndizi zisizoiva sana au viazi vilivyochemshwa vikapoa. Saratani ya utumbo mpana haikupungua, nalisema wazi kwa kuwa wengi husimulia nusu. Zilizopungua baada ya miaka mingi ni saratani nyingine, hasa za sehemu ya juu ya mfumo wa chakula. Aspirini ndiyo iliyopunguza ile ya utumbo mpana, lakini hiyo hutoboa vidonda na kutoa damu tumboni. Usijianzishie. Ulizia kwa daktari anayekujua.

Jikoni, basi. Nunua mizani ndogo. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani hushauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki ikiwa imeshapikwa, na iliyosindikwa iwe kidogo sana au isiwepo. Nilipopima mara ya kwanza, bila mfupa, nilidhani nakula gramu 400. Zilikuwa 930. Nilikuwa napima kwa macho, mimi ambaye siruhusu mwanagenzi apime kiuno kwa macho. Sikuiacha nyama, niliihamisha kutoka katikati ya sahani hadi pembeni, na nikaacha kuchoma mpaka iwe nyeusi.

Nyuzinyuzi lenga gramu 30 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 13 hadi 15, tufaha na ganda lake 4. Kikombe cha wali wa mchele mweupe hakifiki gramu moja, wakati wa mchele usiokobolewa unazidi tatu. Ukizijumlisha utaona kwamba mtu hawezi kufika 30 kwa majani ya saladi. Kunde na nafaka zisizokobolewa ndizo zinazobeba mzigo. Ongeza polepole, kwa wiki tatu au nne, na unywe maji, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha siku ya tatu. Kalsiamu ya maziwa nayo inakinga. Pombe inaongeza hatari, sigara pia, kukaa kitako siku nzima pia. Hili la mwisho ni langu, na sasa nasimama kila ninapobadilisha uzi.

Kipimo cha jeni kina utaratibu wake. Anza na aliyeugua, ukiweza. Nyama ya uvimbe wake hupimwa kwanza kuona kama wakaguzi wanne wapo. Akikosekana mmoja, damu hupimwa kutafuta kosa lenyewe. Likijulikana, ndugu wengine hupimwa kosa hilohilo tu, na jibu linakuwa la ndiyo au hapana. Kila mtoto wa mwenye kosa ana nafasi ya nusu kwa nusu. Ukipimwa wewe mzima wakati kosa la ukoo halijulikani, jibu la "hakuna kitu" halikutoi hatarini. Kwetu mimi nilikutwa nalo. Mdogo wangu hana. Alipopokea jibu alilia, kisha akafuta machozi akasema, "Haya dada, soseji zako zote nipe mimi." Nilimkumbusha kwamba amerudishwa kwenye hatari ya watu wote, na zile asilimia 18 zimeandikwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Neno moja la kamera, maana hapo ndipo nilipoharibu. Siku chache kabla ya kolonoskopi utaambiwa uache nyuzinyuzi: mbegu, maganda, maharage, nafaka nzima. Mimi kwa kujivunia mlo wangu mpya nilikula maharage na mkate wa mbegu hadi juzi yake. Usiku nikanywa ile dawa ya kusafisha, nikahamia chooni, nikaamini niko safi. Daktari alipoingiza kamera alikuta mbegu zimeganda ukutani kama vifungo vilivyomwagika sakafuni. Akanirudisha nyumbani, nikanywa upya lita zote zile. Mara ya pili aliona vizuri, akatoa polipu mbili, moja ya milimita 4 na nyingine ya 7. Ile dawa iweke kwenye barafu na uinywe kwa mrija, inapita vizuri zaidi.

Kama huna ukoo kama wetu na kamera iko mbali nawe, kuna kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, hufanywa kila mwaka au kila miaka miwili, kulingana na nchi; kikikuta damu, kamera inafuata. Kwa mwenye Lynch hakitoshi. Na mtu yeyote, awe na umri wowote, akiona damu chooni, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu, au akiambiwa amepungukiwa madini ya chuma bila maelezo, asikubali neno bawasiri mpaka mtu awe ametazama ndani. Mwanamke mwenye Lynch aulize pia kuhusu mji wa mimba, hasa akitoka damu nje ya siku zake.

Mimi narudi kwa kamera kila mwaka. Tarehe ya safari hii ipo kwenye daftari la oda, kati ya gauni la bibi harusi na sare kumi na mbili za kwaya, na juu yake nimeandika kwa wino mwekundu: hakuna mbegu kuanzia Jumatatu.